Kima cha chini cha mshahara: nani anaumia kikichelewa kupanda

Oktoba 2025 Serikali ilipotangaza kima cha chini kipya cha mshahara kwa sekta binafsi Tanzania Bara, namba iliyosikika zaidi ilikuwa shilingi 358,322 kwa mwezi. Wengi waliielewa hivi: kuanzia tarehe 1 Januari 2026, hakuna wa kulipwa chini ya hapo. Sivyo. Namba hiyo ni wastani wa viwango vya sekta nyingi, kama ile ya kabla yake, 275,060, nayo ilivyokuwa wastani. Katika amri iliyotangulia, ile iliyoanza Januari 2023, mfanyakazi wa taasisi ya fedha alikuwa na kiwango cha 592,000, wa kilimo 140,000, wa biashara na viwanda 150,000, na mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida 60,000. Muuza duka anayedai 358,322 kwa kuwa aliisikia redioni anaweza kushindwa shauri lake. Mwenye leseni ya uchimbaji mkubwa wa madini, ambaye kiwango cha sekta yake kilikuwa tayari 500,000, akilipa 358,322 anaweza kudaiwa.

Ndiyo maana mjadala wa kama kima cha chini ni haki kwa mfanyakazi na kwa biashara hukwama mapema. Watu hubishana juu ya ukubwa wa namba moja, wakati sehemu kubwa ya haki au dhuluma imo kwenye mambo mengine matatu: namba hupandishwa baada ya muda gani, huhesabiwa kwa saa ngapi za kazi, na humfikia nani. Katika yote matatu, kosa linalomuumiza mfanyakazi mara nyingi ndilo lilelile linalomuumiza mwajiri anayefuata sheria.

Namba hutoka wapi

Kwa Tanzania Bara, msingi ni Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004. Chini yake kuna Bodi ya Mishahara ambamo wamo wawakilishi wa Serikali, waajiri na wafanyakazi. Bodi huchunguza hali ya sekta, humpelekea Waziri mapendekezo, na Waziri hutoa Amri ya Mshahara kupitia Gazeti la Serikali. Watumishi wa umma hawamo humo. Wao walipandishiwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, kwa uamuzi uliotangazwa Mei Mosi mjini Singida. Zanzibar nayo ina sheria yake ya ajira na viwango vyake, kwa kuwa kazi si jambo la Muungano.

Sheria inaitaka bodi ipime mambo yanayovutana: uwezo wa waajiri kuendesha biashara kwa mafanikio, hali ya biashara ndogo na zile mpya, gharama za maisha, kupunguza umaskini, na viwango vilivyokwisha kukubaliwa katika mikataba ya hali bora, yaani makubaliano ya vyama vya wafanyakazi na waajiri. Kwa hiyo kima cha chini hakikutungwa kiwe mshahara wa kumtosha mtu na familia yake. Ni sakafu, iliyowekwa mahali ambapo bodi inaamini hata mwajiri dhaifu wa sekta hiyo anaweza kusimama. Mshahara unaotosheleza maisha ni hesabu nyingine, inayoanzia kwenye chakula, kodi ya nyumba, nauli, matibabu na ada, bila kuuliza kwanza mwajiri ana nini. Anayezichanganya hesabu hizi mbili ataishia kusema kila kima cha chini ni cha uonevu, au kwamba kila madai ya mfanyakazi ni ya kupita kiasi.

Lakini sakafu nayo lazima ikae pale ilipowekwa, na hapa ndipo Tanzania ilipokosea kwa muda mrefu.

Miaka tisa na nusu

Amri ya mwaka 2013 ilianza tarehe 1 Julai 2013. Iliyofuata ilianza tarehe 1 Januari 2023. Kati yao ni miaka tisa na nusu bila mabadiliko, wakati mfumuko wa bei ulikuwa kati ya takriban asilimia 3 na 8 kwa mwaka.

Tuchukue wastani wa asilimia 4.5 kwa mwaka, tuone kilichompata mfanyakazi wa biashara na viwanda, aliyeanza na 115,000. Kwa wastani huo, bei ya jumla inapanda kwa karibu asilimia 52 katika kipindi chote. Kufikia mwisho wa mwaka 2022, 115,000 ilikuwa inanunua kiasi kilichonunuliwa kwa kama 76,000 mwaka 2013. Hakuna aliyempunguzia mshahara, hakuna barua aliyoandikiwa, na bado theluthi moja ya mshahara wake ilikuwa imeyeyuka.

Ndipo ikaja amri mpya: 150,000. Magazetini hilo lilikuwa ongezeko la asilimia 30. Kwa hesabu ileile, ili arudi tu pale alipokuwa mwaka 2013 angehitaji karibu 174,700. Ongezeko lililopokewa kwa shukrani liliacha pengo la karibu 25,000 kila mwezi. Kwenye kilimo 100,000 ilipanda hadi 140,000, wakati kusimama palepale kulihitaji karibu 152,000.

Sasa mtazame mwajiri wa watu 20 katika biashara na viwanda. Amri ilichapishwa Novemba 2022, na Januari 2023 mzigo wake wa mishahara ukapanda kwa 700,000 kwa mwezi, kabla ya michango inayokwenda sambamba na mshahara. Kama kima kingekuwa kinapanda kila mwaka kwa mfumuko wa bei, hatua ya kwanza ingekuwa 5,175 kwa mtu, yaani 103,500 kwa watu wote 20. Biashara inayojiendesha inaweza kupanga kiasi hicho kwenye bajeti. 700,000 inayokuja ndani ya wiki chache ni jambo jingine.

Atatokea wa kusema kwamba mwajiri huyo alifaidi, kwa sababu kwa miaka yote hiyo alilipa kidogo. Ni kweli kwa jumla ya fedha. Lakini sehemu kubwa ya fedha hiyo haikukaa kwenye akaunti yake. Angalia kampuni za ulinzi na za usafi: hushindania zabuni, na anayeshinda ni aliyetaja bei ndogo. Sakafu ikiwa chini, bei za zabuni hushuka kuifuata, kisha mkataba husainiwa kwa mwaka mmoja au miwili kwa bei isiyobadilika. Amri mpya inapotoka katikati ya mkataba, mteja anasema bei ni ileile tuliyosaini, sheria inasema mshahara si uleule, na kampuni imebanwa katikati. Walio wengi huponea kwa kupunguza walinzi kwenye lindo, kuchelewesha michango ya hifadhi ya jamii, au kulipa kiwango cha zamani wakiomba Mungu asije mkaguzi. Dawa yake ni aya moja ndani ya mkataba wa huduma, inayosema bei itarekebishwa kwa kiasi kilekile amri mpya ya mshahara ikitoka. Inashangaza ni mikataba mingapi inasainiwa bila aya hiyo.

Safari hii, kutoka 2023 hadi 2026, imepita miaka mitatu. Ni bora kuliko tisa na nusu, ila bado ni ngazi ndefu. Uingereza, iliyoanza kima cha chini cha kitaifa tarehe 1 Aprili 1999 kwa pauni 3.60 kwa saa, ina tume maalumu ya mishahara ya chini inayotoa mapendekezo kila mwaka, na viwango vipya hutangazwa miezi kadhaa kabla ya kuanza Aprili. Afrika Kusini ilianza tarehe 1 Januari 2019 na randi 20 kwa saa, huku wafanyakazi wa mashambani wakianza na 18 na wa majumbani na 15. Mashamba yalifikishwa kwenye kiwango cha wote mwaka 2021, majumba mwaka 2022, na kiwango hupitiwa upya kila mwaka. Mwenye shamba alijua mapema anakopelekwa.

Upande mwingine kabisa ni Uganda. Kima chao cha kisheria ni shilingi 6,000 za Uganda kwa mwezi, kilichowekwa mwaka 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kubadilisha mfumo huo mwaka 2019, Rais akakataa kuusaini. Namba bado ipo kwenye vitabu vya sheria, na haimlindi mtu yeyote.

Gharama iliyo nyuma ya mshahara

Mfanyakazi huona kinachoingia mfukoni, mwajiri huona kinachotoka, na kila mmoja humdhania mwenzake anasema uongo. Tutumie 150,000 kama mfano, kwa kampuni yenye wafanyakazi kumi au zaidi.

Mfanyakazi anakatwa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, yaani 15,000. Kodi ya mshahara hakatwi, kwa kuwa mshahara usiozidi 270,000 kwa mwezi hautozwi. Anabaki na 135,000. Mwajiri anaongeza NSSF ya upande wake 15,000, tozo ya kuendeleza ufundi stadi ya asilimia 3.5, yaani 5,250, na mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa asilimia 0.5, yaani 750. Jumla inayomtoka ni 171,000. Tofauti ya 36,000 haikuibwa na yeyote kati yao, na 30,000 kati yake ni akiba ya mfanyakazi mwenyewe, ikiwa kweli imepelekwa. Hilo la mwisho lina uzito. Makato yanayoonekana kwenye hati ya mshahara lakini hayafiki NSSF ni njia ya kawaida ya kulipa chini ya kima bila kuonekana, na hugunduliwa mtu anapokwenda kudai mafao. Taarifa ya michango iangaliwe angalau kila baada ya miezi mitatu.

Kisha kuna siku zisizofanyiwa kazi lakini zinazolipwa. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, ambazo kwa wiki ya siku sita zinakula siku 24 za kazi. Ongeza sikukuu, tukikadiria 14 zinaangukia siku za kazi. Kutoka siku 312 zinabaki kama 274. Gawanya 2,052,000 ya mwaka kwa siku hizo, na siku moja ya kazi inamgharimu mwajiri karibu 7,500, wakati mshahara wa siku kwa karatasi ni 150,000 kugawanya kwa 26, yaani 5,769. Mwajiri anayepanga bei ya bidhaa zake kwa kutumia 5,769 anajidanganya, na mara nyingi kilio cha kwamba kima ni kikubwa mno kinaanzia kwenye hesabu hii iliyofanywa nusu.

Kima kwa mwezi, dhuluma kwa saa

Kima cha mwezi kimewekwa kwa saa 45 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inabadilisha wiki kuwa mwezi kwa kuzidisha na 4.333, kwa hiyo mwezi ni saa 195. Hili watu wengi hawalijui, na ndilo linaloficha ulipaji wa chini kuliko jambo lolote lingine.

Mlinzi wa kampuni ndogo, katika amri ya 2023, alikuwa na kiwango cha 148,000 kwa mwezi, sawa na karibu 759 kwa saa. Sasa tuseme analinda saa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hizo ni saa 72 kwa wiki, karibu 312 kwa mwezi. Akilipwa 148,000 kamili, kwenye makaratasi amelipwa kima cha chini. Kwa saa amelipwa 474, pungufu kwa zaidi ya theluthi moja. Hesabu sahihi ni saa 195 za kawaida kwa 148,000, kisha saa 117 za ziada kwa mara moja na nusu, ambazo ni karibu 133,000 nyingine. Jumla 281,000, na hapo hatujagusa asilimia 5 ya kazi ya usiku wala malipo maradufu ya siku ya mapumziko na ya sikukuu.

Ratiba hiyo yenyewe haikubaliki. Saa za ziada zina ukomo wa 50 katika kila wiki nne, naye anafanya 108. Sheria inaruhusu zamu ya hadi saa 12 bila malipo ya ziada kwa makubaliano ya maandishi, lakini kwa sharti la siku zisizozidi tano kwa wiki, saa 45 za kawaida na saa kumi za ziada. Mwajiri anayejitetea kwamba «walinzi wote hufanya kumi na mbili» ametaja nusu ya kifungu.

Hapa pia kampuni inayolipa saa za ziada inashindania zabuni ileile na kampuni isiyozilipa. Inayofuata sheria haiwezi kushinda kwa bei. Kwa mwajiri mwadilifu, kima kisichosimamiwa ni kibaya kuliko kutokuwapo kwake, kwa sababu kinamfunga yeye peke yake.

Je, ajira hupotea?

Jibu la kitabuni ni kwamba bei ya kazi ikipanda, wanaonunua kazi hupungua. Aprili 1992 jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jirani yake Pennsylvania haikupandisha. Wanauchumi David Card na Alan Krueger walizilinganisha hoteli za chakula cha haraka pande zote mbili, kama 410 kwa jumla, na hawakuona ajira ikishuka New Jersey. Card alipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2021. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba mwajiri mwenye nguvu sokoni hulipa chini ya thamani ya kazi, kwa hiyo ana nafasi ya kupanda bila kufukuza mtu. Pia wafanyakazi wanaolipwa vizuri hawaachi kazi ovyo, na gharama ya kufundisha wapya hupungua.

Lakini si kila sekta ina nafasi hiyo. Afrika Kusini ilipoweka kima kwa mashamba mwaka 2003, mishahara ilipanda na ajira ya mashambani ikashuka. Swali la kuuliza ni kama mwajiri anaweza kupandisha bei ya anachouza. Mwenye saluni Kariakoo anaweza kuongeza 500 kwa kichwa, kwa kuwa wenzake wote wamepandishiwa siku moja. Shamba la maua la Arusha linalouza kwenye mnada wa Ulaya halina uwezo huo: bei hupangwa huko. Kwa hiyo kima kwa kila sekta, pamoja na usumbufu wake wote, kina mantiki ambayo kima kimoja cha nchi nzima hakina.

Mara nyingi, kabla ajira haijapotea, hupotea vitu vingine. Chakula cha mchana kinachotolewa kazini huondolewa. Nauli huingizwa ndani ya mshahara. Mkataba wa mwaka haufanywi upya, mtu yuleyule anarudishwa kama kibarua wa siku. Anayepima matokeo ya kima cha chini kwa kuhesabu vichwa tu hataona chochote katika hayo.

Wasiofikiwa

Kondakta na dereva wa daladala wanaopeleka hesabu kwa tajiri kila jioni hawana mshahara wa kupandishwa. Siku ya foleni au gari bovu hasara ni yao. Bodaboda wa mkataba yuko hivyo hivyo. Amri inaweza kutaja sekta ya usafirishaji kwa kiwango kizuri, na isibadilishe chochote mpaka uhusiano wao utambuliwe kuwa ajira.

Dada wa kazi yuko ndani ya sheria ila nje ya macho. Viwango vya 2023 vilimpa 120,000 asiyelala kwa mwajiri na 60,000 anayelala, maana yake chakula na malazi vilipewa thamani ya 60,000, nusu nzima. Saa zake hakuna anayezihesabu. Kwa maoni yetu hiki ndicho kiwango kigumu zaidi kukitetea katika orodha yote.

Kenya inagawa kwa maeneo. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2024 kibarua wa kawaida Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru anastahili shilingi 16,113.75 za Kenya kwa mwezi, na aliye katika miji midogo karibu 8,600, bila posho ya nyumba ya asilimia 15. Kodi ya nyumba huko kweli si ya Nairobi. Bei ya unga, sukari na mafuta ya taa haipungui kwa nusu ukitoka jijini. Wa Nairobi naye, akiongezewa posho anafika 18,530.81, kisha NSSF asilimia 6, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75 na tozo ya nyumba asilimia 1.5 vinamkata karibu 1,900. Nyongeza hiyo ya asilimia 6 ilitangazwa Mei Mosi 2024 na kuanza kisheria miezi sita baadaye, na katika miezi hiyo waajiri na wafanyakazi walivutana bila sababu.

Kukagua na kudai

Kwa Tanzania Bara, anza na amri inayotumika sasa, si taarifa ya habari. Tafuta sekta ya mwajiri, kwani kinachoangaliwa ni shughuli ya biashara. Linganisha mshahara wa msingi na kiwango kabla ya makato. Andika saa za kuingia na kutoka kwa wiki nne, tenganisha saa 45 za kila wiki na za ziada, kisha kokotoa kwa kiwango cha mwezi kugawanya kwa 195. Makubaliano ya kupokea chini ya kima hayana nguvu hata yakiwa na saini ya mfanyakazi, na mkataba unaolipa zaidi hauwezi kushushwa kwa sababu ya amri.

Mgogoro hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa Fomu Namba 1. Malalamiko ya mishahara yana muda wa siku 60, ya kuachishwa kazi siku 30, na wengi huzipoteza wakingoja ahadi ya «mwezi ujao». Mwajiri anatakiwa kuwa na maelezo ya ajira kwa maandishi na kuyatunza kwa miaka mitano baada ya ajira kuisha. Akishindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unahamia kwake. Kwa hiyo mfanyakazi asiye na karatasi asikate tamaa, na mwajiri aliyelipa sawasawa bila kuweka kumbukumbu ajue yumo hatarini. Tume huanza na usuluhishi wa siku 30, na hapo ndipo mwajiri aliyebanwa na mkataba wa zabuni anapaswa kuja na hesabu zake wazi na pendekezo la kulipa malimbikizo kwa awamu. Makubaliano yakisainiwa mbele ya msuluhishi, yanazifunga pande zote mbili.